Nusu ya Upande wa Kushoto

Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu, ni mchora ramani za nyumba, na mtaani tulimpachika jina Milimita. Mwenyewe aliliona sifa. Majivuno yake yangejaza lori la kokoto na mengine yakamwagika njiani. Alidai kwenye ile programu yake ya kuchorea hakuna dirisha la kumshinda: la duara, la yai, la jani, hata ukitaka la umbo la chafya atakuchorea, na vumbi litapita pembeni kwa heshima. Wateja wote kwake walikuwa mbuzi. Mafundi ujenzi, mbuzi waliojifunza kushika mwiko. Mimi niliyekimbia shule na kaptula yangu, hata huo umbuzi alininyima.

Asubuhi moja ya kawaida kabisa, feni inazunguka, chai inapoa mezani, akaingia ofisini bibi mmoja mjane na kipande kikubwa cha boksi. Juu yake amechora umbo kwa mkaa, kama mtu aliyeegemea ukuta. Kulia, bega na mwili ulionyooka. Kushoto, mkono ulioinuliwa, vidole vimetawanyika.

"Nataka dirisha hivi hivi, mwanangu."

Milimita akalitazama kama aliyepewa anuse soksi ya jirani. "Bibi, hili dirisha, au ng'ombe kateleza kwenye tope?"

Bibi hakucheka. Akaeleza kwa sauti ya chini. Ukuta wa chumba anacholala mjukuu wake una doa la unyevu. Bomba halipiti hapo. Bafu liko mbali. Wamepaka rangi, wamebandua plasta, wamepiga nyingine. Doa linarudi, na umbo ni lile lile. Siku hizi mtoto analizungumzisha. Tena analiacha limalize ndipo anajibu.

"Mganga ameniambia nilikatie njia ya umbo lake, litoke lenyewe, mtoto wangu apone. Usilinyooshe, baba. Hata kidogo."

"Sawa, bibi, sawa." Alipotoka tu, Milimita akacheka mpaka kiti kikaomba msamaha.

Umbo la ajabu kama lile lina kazi yake. Unafuata mstari nukta kwa nukta mpaka uufunge, ndipo programu itoboe ukuta. Upande wa kulia aliufuata vizuri. Alipofika kwenye vile vidole, uvivu ukamshika, ila yeye aliuita utaalamu. Akafuta kushoto kote, akanakili kulia, akaupindua kama kwenye kioo. Likatoka pambo, pande zote sawa, kama mtungi wa dukani. "Hata wachawi hawajui kuchora," akasema. Bibi alipouliza mkono uko wapi, akamjibu kwamba kompyuta haikubali vidole. Mwongo mkubwa!

Dirisha likajengwa. Halafu bibi akarudi ofisini, mjukuu kamshika mkono. Hakuketi.

"Limetoka," akanong'ona.

"Si nilikwambia? Kazi ya Milimita hiyo!"

"Limetoka nusu."

Yule mtoto akavuta gauni la bibi yake. "Ile iliyobaki inalia," akasema. "Inauliza nani aliikata."

 Bibi akamtazama Milimita tu.

Milimita akaenda nyumbani kwa bibi, mchana wa jua kali, laptop kwapani, akiwaza jinsi atakavyowaumbua. Chumba kilinuka chokaa mbichi. Dirisha lilipendeza, nisimnyime haki yake. Na kushoto kwa dirisha, kwenye plasta mpya, palikuwa na mkono. Bega. Vidole vimetawanyika.

"Unyevu huu," akasema. Akagusa.

Ulikuwa wa vuguvugu.

Akarudisha mkono wake. Akatazama tena. Vidole vya ukutani havikuwa vimetawanyika. Vilikuwa vimekunjwa, kama vimeshika kitu.

Ule mdomo wake mkubwa ukafunga duka. Akakaa sakafuni, akafungua laptop. Ramani ya nini, na doa liko mbele ya macho? Ndivyo alivyo, bila laptop hajui hata kufungua mlango. Akalifuata nukta kwa nukta, jasho likidondokea vitufe. Hakunyoosha. Hakupamba. Fundi akaitwa na grenda yake, akakata plasta, akakata tofali, mpaka mwanga wa nje ukaingia.

Pazia likavutwa nje. Likasimama hivyo, limenyooka.

Upepo haukuwapo.

Kisha likaanguka. Mtoto akapunga mkono.

"Imeenda?" bibi akanong'ona.

"Imeenda. Inamfuata mwenzake."

"Mwenzake yuko wapi?"

Mtoto akamnyooshea Milimita kidole. "Kwake."

Shemeji alirudi mbio, na kwa mwendo ule hata pikipiki zilimpisha. Akamkuta dada yangu anaanua nguo. Akazunguka chumba kwa chumba akipapasa kuta kama mwizi aliyesahau mlango. Zote kavu. Rangi safi. Hakuna doa, hakuna alama. Akacheka peke yake. Majivuno yakarudi yote, na riba juu.

"Washamba wale," akamwambia mkewe. "Wamenitoa jasho bure." Akavua shati.

Dada yangu akasimama, nguo mikononi.

"Mume wangu. Kovu lako la chanjo."

"Limefanyaje?"

"Lilikuwa mkono wa kushoto."

Akajitazama. Kushoto, ngozi laini, kama ya mtoto. Kovu lilikuwa mkono wa kulia, kama kwenye kioo.

"Usinitanie," akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

Dada akaziweka nguo chini. Akasogea. Akalaza sikio kifuani pake, upande ule ule anaoulalia tangu waoane.

Kimya.

Akashika pumzi. Kimya vile vile. Pole pole akalihamisha sikio kulia.

Huko moyo ulikuwa unapiga, taratibu, bila wasiwasi, kama umekaa huko siku zote.