Aliyemwita Silvanus Magofuni

Jirani yetu wa Kongowe, Silvanus, karani wa masjala, hakuwa mtu wa kuamini mambo ya mizimu. Jumamosi ile aliamka, akanyoa ndevu, akapiga shati pasi, akaenda hifadhi ya Mkumbini, mbele ya Vihingo, kutazama magofu na ndege wa kinamasi. Safari hiyo aliitamani mkewe, Eugenia. Kila likizo walisema mwakani. Mwezi wa tatu Eugenia akafariki wodini, Silvanus akiwa ametoka mara moja kumtafutia uji.

Mwongozaji alikuwa mama wa makamo, Mwanajuma, mzaliwa wa hukohuko. Alimwonyesha viboko wakipumua majini, kisha akampeleka kwenye msikiti wa kale uliozama nusu ndani ya matete. Jua la saa nane lilikuwa kali. Mlangoni mama yule akapunguza sauti.

"Kaka yangu, humu ukiitwa jina, usiitike."

"Nani ataniita?"

"Usiitike tu."

Silvanus akatabasamu. Wakaingia. Ndani kulikuwa na ubaridi, na kuta zilitoka jasho. Vyura walikuwa wakilia. Ghafla wakanyamaza wote.

"Silva."

Ilitokea upande wa kibla, kwenye matete. Sauti ya chini, ya mtu mwenye kiu. Hakuna mwingine duniani aliyemkatia jina hivyo. Mwanajuma alikwisha ziba masikio, macho chini, midomo ikisoma dua.

"Silva. Siku ile nilikuita. Hukuitika."

Miezi mitano alikuwa akijiuliza jambo hilohilo. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Naam, mke wangu," akaitika. "Nipo. Nipo hapa."

Akapita penye ukuta uliobomoka. Akaingia majini. Magotini. Kiunoni. Matete yakasogea. Akanyoosha mkono.

Mkono ukashikwa.

Baridi. Ukavutwa taratibu, kama mgonjwa anavyomvuta mtu asiondoke. Silvanus akafuata. Maji yakafika kifuani.

"Basi," sauti ikanong'ona. "Inatosha."

Mkono wake ukaachiwa. Hapo Mwanajuma akamdaka ukosi wa shati, akamburuta mpaka nchi kavu.

"Umeitika?"

"Ningenyamazaje, mama?"

Mwanajuma alikuwa akikitazama kifundo cha mkono wa Silvanus. Alama nne za vidole, nyembamba, nyeusi kama masizi.

Tuliziona sisi majirani. Sabuni haikuzitoa. Daktari alizigusa mara moja, akaurudisha mkono haraka, akajifuta kwenye koti. Silvanus mwenyewe alitulia. Akaanza kula. Akarudi kazini.

Wiki ya pili zikaanza kufifia, moja baada ya nyingine. Asubuhi ilipobaki ya kidole cha mwisho, ndipo mtaa mzima ulipomsikia akilia, mara ya kwanza tangu tuzike.

Hiyo moja haijafutika mpaka leo. Ukiigusa, ina umajimaji.