Toleo la Jumamosi

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, Swafiya alipanda ngazi za jengo moja la mtaa wa Kacyiru, Kigali, akiwa na mkoba wa vifaa mgongoni. Alikuja kutatua tatizo dogo. Mlango wa ofisi ya tafsiri aliukuta umefungwa kwa ndani, akabisha mara tatu kabla ya kufunguliwa, na aliyemfungulia hakuitikia salamu.

"Ingia ufunge," alisema Madamu Pudentienne, mwenye ofisi. "Tumeibiwa."

Swafiya aliangaza macho. Kompyuta mpakato zote nne zilikuwa mezani. Printa ilikuwa mahali pake, kwenye meza ya Mzee Jean-Berchmans. Hata birika la chai lilikuwepo.

"Kimeibwa nini, madamu?"

"Mtihani."

Swafiya ni fundi wa kompyuta wa Rwezamenyo, mjukuu wa mfanyabiashara aliyekuja na vitambaa kutoka pwani, akaoa, akasahau kurudi. Duka lake ni dogo, limebanwa kati ya mafundi cherehani wawili, na yeye ana ugonjwa mmoja ambao mama yake alishindwa kuutibu: akiona kitu kimefunikwa, mikono humwasha mpaka akifunue. Alivuta kiti bila kukaribishwa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Chuo kimoja cha uuguzi, kinachopokea wanafunzi wa nchi jirani, kiliipa ofisi kazi ya kutafsiri mtihani wa kuingilia kwa Kiswahili. Karatasi ziliwekwa katika kabati la mtandaoni, ambalo hufunguka kwa kompyuta nne za ofisi tu, kila mfanyakazi kwa jina lake na neno lake la siri. Mtihani ule ungeweza kufunguliwa kwa jina moja tu, la Kaze, kwa kuwa ndiye aliyeutafsiri. Jumapili jioni maswali yakaanza kuzunguka WhatsApp. Chuo kilitaka jina la mwizi kabla ya saa sita mchana wa siku hiyo ya Jumatatu.

"Na jina liko," alisema Pudentienne, akigeuza kioo cha kompyuta yake. "Jumamosi, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Kaze amefungua, Kaze amepakua. Nimemuuliza kwa nini amenifanyia hivi, ananitazama tu."

"Kwa sababu sikufanya, madamu," alisema Kaze.

Alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma. Kijana mrefu wa Bujumbura, mpole kupita kiasi, mwenye miaka miwili Kigali. Kibali chake cha kukaa kilikuwa kinakwisha Alhamisi, na hakingeongezwa bila barua ya mwajiri. Barua hiyo ilikuwa palepale mezani, imeshachapwa. Haikuwa na sahihi.

"Jumamosi saa tatu ulikuwa wapi?" Swafiya alimuuliza.

"Nyumbani, Gikondo. Nilikuwa na homa, da Swafiya. Sikutoka hata kwenda umuganda."

"Nani alikuona?"

"Homa haiiti wageni."

Pudentienne aliguna. Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mitaa, mji mzima uko nje na majembe mpaka saa tano, na homa za siku hiyo zinajulikana.

Swafiya alikuwa ameinama juu ya kumbukumbu za kabati, akisoma safu ambayo wenzake hawakuijali. Anwani ya mtandao haikusaidia kitu, kwani ilikuwa ya simu, na wote wanne hurudi nyumbani na kompyuta zao na kuziunganisha kwa simu. Lakini mwishoni mwa mstari kulikuwa na jina la kivinjari kilichotumika, na namba ya toleo lake: 140.

Namba hiyohiyo ndiyo iliyomleta.

Ijumaa saa tisa alasiri toleo jipya lilikuwa limeshuka kwenye kompyuta zote za ofisi, likabaki linasubiri. Swafiya alijua kwamba toleo hilo halikubali nyongeza za zamani, na ofisi hii ilikuwa inaishi kwa nyongeza moja ya zamani: kamusi inayotoa maana ukiweka kishale juu ya neno. Kwa hiyo aliwaandikia wote ujumbe. Msifunge kivinjari. Kikifungwa na kufunguliwa tena kitapanda toleo la 140, na kamusi itakufa. Funikeni tu kompyuta, Jumatatu nakuja na kamusi mpya. Haukuwa ushauri wa fundi mwenye adabu, maana kivinjari cha zamani ni mlango wenye komeo bovu. Alijiambia ni siku tatu tu.

"Kaze, leta kompyuta yako."

Aliifunua. Kivinjari kilikuwa kimeachwa wazi tangu Ijumaa, alama nyekundu ya kusubiri ikiwa kwenye kona. Toleo la 139. Swafiya aliweka kishale juu ya neno "figo", na kisanduku cha kamusi kikajitokeza, kizima kabisa.

"Aliyefungua kabati alitumia 140," alisema. "Hii bado iko 139. Na toleo likishapanda, hapa kwenu hakuna wa kulishusha ila mimi. Mtihani haukutoka kwenye kompyuta hii."

"Angeweza kutumia nyingine," alisema Pudentienne.

"Angeweza. Ipi?"

Pudentienne alisukuma kompyuta yake bila kungoja kuambiwa. Toleo la 139. Hapo Illuminée, dada wa meza ya pili, akaweka viwiko vyote viwili juu ya kompyuta yake kama mtu anayelinda sahani. Watu wote wakaliona.

"Da Illuminée," alisema Swafiya, "Jumamosi uliitumia hiyo?"

"Kidogo."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ni ndefu."

Illuminée alitazama dari. "Saa tatu. Mpaka saa nne kasoro."

"Mana yanjye!" Pudentienne alisimama. Kila mtu ofisini alijua kwamba mtihani ule Illuminée alikuwa ameutaka yeye, akapewa Kaze, na wiki nzima hakumpa kijana wa watu hata chumvi ya salamu. "Saa tatu ulikuwa unafanya nini na kompyuta ya ofisi?"

"Kitu changu."

"Nitaita polisi, Illuminée."

"Basi ita!" Machozi yalikuwa yamemfika. "Nilikuwa kwenye usaili. Wa kazi. Kwa video, na watu wa Arusha. Miaka minane nimekaa kwa hiyo meza, madamu, kila mwaka unaniambia ngoja. Nimengoja."

Swafiya aliichukua kompyuta taratibu na kuifunua. Vichupo arobaini na saba vya kivinjari vilikuwa wazi, vya Alhamisi, vya Ijumaa, na kimoja cha Arusha cha Jumamosi. Toleo la 139.

"Hakukifunga hata mara moja," alisema. "Namshukuru. Ndiye pekee anayesoma ujumbe wangu mpaka mwisho."

Illuminée alicheka huku analia. Pudentienne alikaa chini, na usoni mwake palionekana kwamba usaili ule ulimuuma kuliko alivyotaka kuonyesha. Saa ya ukutani ilikuwa tatu na dakika arobaini.

Ilibaki kompyuta moja.

Mzee Jean-Berchmans, mhariri wa ofisi, alikuwa na miaka sitini na mbili na sauti ya mwalimu. Ndiye aliyempokea Kaze siku ya kwanza, akamtafutia chumba Gikondo, nyumba tatu kutoka kwake. Alijifunulia kompyuta mwenyewe.

"Mimi utakuta 140," alisema. "Nilikuambia Ijumaa, mwanangu."

Kweli alimwambia. Jibu lake lilikuwa bado kwenye simu ya Swafiya: Mimi ni Msabato, siwezi kuacha mashine wazi Sabato, kamusi ife tu. Kila Ijumaa kabla ya jua kuzama mzee huzima kompyuta kabisa, huitia kwenye mfuko wake, na hatazami tena kitu chenye waya mpaka Sabato iishe. Hata umuganda huenda Jumapili, pamoja na wa kanisa lake. Ofisi nzima ililijua hilo na kumheshimu nalo.

"Uliiwasha lini?" aliuliza Swafiya.

"Leo saa mbili. Kamusi imekufa, nikalalamika."

"Alilalamika mpaka jirani wa chini akauliza kuna msiba," alisema Illuminée.

Kila kitu kilikaa sawa. Swafiya alitamani akome hapo, maana alimpenda mzee huyu. Lakini mikono ilikuwa inamwasha.

"Kaze," alisema, "umewahi kuingia kabatini kwa kompyuta nyingine?"

"Kila wiki. Wote tunafanya hivyo. Tukitaka kuprinti tunaingia kwa mashine ya mzee, ndiyo peke yake iko na printa."

"Na kivinjari kikikuuliza kama kikutunzie neno la siri?"

Kaze aliona aibu. "Nabonyeza ndiyo. Ili kiniache nifanye kazi."

"Mimi pia," alisema Illuminée.

Pudentienne alishusha macho. Swafiya alifungua mahali ambapo kivinjari hutunza maneno ya siri. Majina yote manne yalikuwemo, yamepangwa vizuri. Yeyote aliyekaa mbele ya mashine hii alikuwa na ufunguo wa kila mtu.

"Mashine ilikuwa imezimwa," alisema mzee. "Iko mfukoni, chini ya kitanda."

"Basi tuiulize yenyewe iliamka lini."

Alifungua historia. Jumamosi ilikuwa tupu, safi kama Sabato ya mcha Mungu. Lakini tupu vilevile ndivyo inavyokuwa historia iliyofutwa. Swafiya akaiacha, akaingia ndani zaidi, kwenye folda ambayo wenye kompyuta hawaijui, mahali kivinjari kinapojiandikia tarehe zake za kubadilika. Huko hakuna anayefuta, kwa sababu hakuna anayejua kuna kitu.

Alisoma mara mbili. Kisha akageuza kioo ili wote waone.

"Toleo la 140 limeanza kutumika Jumamosi, saa tatu na dakika kumi na moja asubuhi. Dakika tisa kabla ya kabati kufunguliwa."

Jean-Berchmans alivua miwani. "Labda ilijigeuza yenyewe. Mashine za siku hizi..."

"Kompyuta iliyozimwa, mzee, haijifanyii chochote. Iliwashwa na mtu."

"Mimi Sabato siwashi."

"Nyumbani unakaa na nani?"

Swafiya alikuwa ameuliza kwa udadisi tu, lakini aliona swali limempiga mzee mahali palipokuwa na kidonda. Alitamani kulirudisha.

"Si Ishimwe," alisema Jean-Berchmans kwa sauti ndogo. "Msimtaje mtoto. Ni mimi."

Ishimwe alikuwa mjukuu wake wa kike, yatima aliyemlea tangu ana miaka minne. Alikuwa ameufanya mtihani wa chuo hicho mara mbili na kuanguka, na chuo hakiruhusu zaidi ya mara tatu. Jumamosi majirani wote walikuwa kwenye umuganda, Ishimwe, asiyeshika Sabato, naye yuko huko na jembe, na mzee hakwenda kanisani. Alikaa kitandani na mfuko magotini kwa saa nzima kabla ya kuufungua.

"Nilimwambia ni maswali ya zamani, ya kujisomea," alisema. "Yeye akawagawia rafiki zake. Ana roho nzuri. Sikufikiria kwamba angewagawia."

"Na mimi, mzee?" Kaze alikuwa ametoka dirishani. "Asubuhi yote hii nimesimama pale. Ulikuwa unanitazama."

"Jina lako ndilo lililokuwa na mtihani. Sikulichagua."

"Sikuulizi jina. Nakuuliza asubuhi hii."

Jean-Berchmans alifuta miwani kwa shati, akaifuta tena. "Mimi nikifukuzwa, mtoto hana mtu. Nikajiambia wewe bado kijana. Wewe, wakikufukuza, una kwenu pa kurudi."

"Sina," alisema Kaze.

Alilisema bila hasira, kama mtu anayesahihisha tarehe. Pudentienne alishtuka kwenye kiti chake. Alizaliwa Ngozi, katika nchi ya Kaze, mtoto wa wakimbizi, na shuleni huko waliwahi kumwambia maneno yaleyale: nenda kwenu. Miaka thelathini alikuwa akisimulia kisa hicho kwenye harusi na matanga, na asubuhi hiyo alikuwa amekaa na barua mbele yake, akangoja, bila kumuuliza kijana hata mara moja kama alikuwa ni yeye. Alikuwa amemuuliza kwa nini tu.

Alichukua simu, akaiweka kwenye kipaza sauti, akapiga chuoni.

"Jina mnalolitaka ni la mhariri wangu, Jean-Berchmans," alisema. "Mnaweza kuandika la kwangu pia, nilimpa kila mtu funguo za kila mtu. Kaze hahusiki. Andikeni hivyo: hahusiki."

"Na msichana?" mzee alinong'ona.

"Msichana alidanganywa," aliongeza Pudentienne kwenye simu. "Hilo pia liandikeni. Mkiamua kumpa nafasi yake ya tatu kwa mtihani mwingine, mimi nitautafsiri bure."

Alikata simu, akavuta barua, akatia sahihi na muhuri. Aliishika kwa mikono miwili, kama inavyopewa mtu wa heshima.

"Nimekukosea," alimwambia Kaze.

"Ndiyo, madamu," alisema Kaze, akaipokea.

Aliikunja mara mbili na kuitia kwenye mfuko wa shati. Jean-Berchmans alisimama akamsogelea, mikono imelegea, uso umelowa. "Mwanangu, nisamehe."

Swafiya, ambaye katika maisha yake hakuwahi kugeuza uso mbele ya jambo lolote, aligeuza uso.

Kaze alifunga kifungo cha mfuko wa shati. "Nitakusamehe, mzee," alisema. "Lakini si leo. Leo lazima nifike uhamiaji kabla hawajafunga."

Akatoka. Wakamsikia ngazini akiita pikipiki.