Upande wa Nyuma wa Pazia

Sogeeni karibu, wajukuu. Mwenye karanga atafune polepole. Hili halitaki kelele.

Zama za sinema bubu pale Surabaya, Waholanzi walikaa mbele ya pazia, wazee wetu wakakalishwa nyuma yake. Picha ilipenya ikawafikia kinyume. Maandishi nayo kinyume, lakini nani kwetu alijua kusoma? Walicheka tu: "Hao mabwana wote wanakula kwa kushoto!"

Alasiri moja shangazi yangu Sumirah, mchora batiki, alimzuia mdogo wake Tukinem mlangoni. Macho mekundu, mwanawe Parjo yumo mbelekoni.

"Leo tena? Siku ya sita! Unamlilia mzungu aliyeibiwa mtoto, na wali wako unaungua?"

"Kile kilio kitamu, dada. Mji mzima unalia." Kisha akanong'ona: "Ila mwishoni yule mama anamtazama Parjo."

"Wee! Picha imjue Parjo?"

Lakini neno lile lilimganda Sumirah. Akamuuliza Kasminah, yaya aliyekaa mbele na watoto wa Waholanzi: mwishoni yule mama hufanyaje?

"Hutupa mgongo, akaenda zake. Uso hatuuoni."

Kesho yake Sumirah akaenda na mdogo wake, akampakata Parjo mwenyewe. Benchi zima lilikuwa likilia kwa raha.

"Nipeni ndoo, leso imeshajaa!" akatania muuza tofu.

Yule mama akageuka. Waliokaa mbele wakaona mgongo. Sumirah akaona uso. Haukuwa na chozi. Macho yalipita benchi kwa benchi. Yakasimama kwa Parjo.

Picha ikakatika. Giza.

Hakuna aliyecheka. Parjo akawa mwepesi. Mwepesi kama mbeleko tupu. Sumirah akakaza mikono.

"Dada, unaye?"

"Ninaye. Nyamaza."

Uzito ukarudi. Picha ikarudi. Parjo alikuwa pajani, amelala. Safari hii walio nyuma ndio waliopewa mgongo; na kule mbele sauti ya Kasminah ikapaa kwa furaha:

"Kampata! Kampata mwanawe!"

Nyumbani mkunga akamwekea Parjo sikio kifuani. Akalihamisha. Akalihamisha tena.

"Moyo wa huyu uko kulia tangu lini?"

Tukinem alimchukua, akamnyonyesha. Hakulia tena mpaka anakufa.

Kalamu za nta za Sumirah nilirithi mimi. Nyumba ya Tukinem aliirithi Parjo. Na wanawe wanne, wote wanne, walirithi moyo wa kulia.