Rangi ya Mpima

Duka la vifaa vya ujenzi lilifurika watu, kila mmoja akimpigia muuzaji kelele. Mtafiti wa misitu, buti zimeganda tope na mikono ya shati la kaki imekunjwa, aliegemea kaunta amekata tamaa.

"Rangi nyeupe imekwisha, dada. Rudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo mvua imeshaanza! Alama za miti yangu zimefutika."

"Chukua yangu," sauti ilisema nyuma yake. Alikuwa mpima ardhi wa njia mpya ya umeme, kijana mrefu aliyekumbatia makopo ya rangi nyekundu. "Ninayo ya kumwaga."

"Na ukiishiwa?"

"Nitakupigia unirudishie. Ila namba yako sina."

Mtafiti alicheka, akampa namba. Mpima alijua fika kazi ya rangi ile, lakini akili ilikuwa imeshahamia kwenye vishimo vya mashavu ya dada wa watu.

Miezi ikapita kwa simu ndefu na utani. Ukipenda boga, penda na ua lake: siku za mapumziko mpima alibeba chakula hadi msituni, akamshikia kopo mpenzi wake akizungushia kila shina mstari mwekundu usawa wa kifua, ili kila mwaka apime unene pale pale. Mtafiti alikuwa akiipima miti hiyo tangu akiwa mwanafunzi. Shahada yake ya uzamivu ilitegemea vipimo hivyo.

Asubuhi moja mtafiti alishuka garini akasikia misumeno ya mota. Ilinguruma ndani ya eneo lake.

"Simamisheni! Nani kawatuma?"

"Amri ni moja, dada," msimamizi alijibu. "Mti wenye rangi nyekundu ulale chini. Alama ni za mpima."

Mti mkubwa kuliko yote ukaanguka, ardhi ikatetemeka. Mtafiti alimpigia mpima simu huku akilia.

"Umeniuza!"

"Taratibu, mpenzi. Nani kauza nini?"

"Usiniite mpenzi! Unaniletea chakula, unaniuliza eneo langu linaishia wapi, kumbe unapitisha umeme wako!"

"Njia haipiti huko, wallahi! Hiyo miti—"

Mtafiti akakata simu. Akampigia mkuu wa idara yake, akamwambia kwamba mpima ni mwizi aliyemtumia. Kisha akaegemeza mgongo kwenye mti uliofuata kukatwa.

Upande wa pili wa kilima, mpima alibaki na simu mkononi. Ile rangi! Alimpigia msimamizi, lakini kwenye kelele za misumeno nani angesikia simu? Akatimua mbio.

"Toka, dada, nina kazi ya watu," msimamizi alikuwa anasema.

"Kata na mimi."

"Zima!" Mpima alitokea vichakani, fulana imechanwa na miiba, akajitia kati ya msumeno na mtafiti. "Zima, nimesema! Hizi si alama zangu!"

"Rangi ni yako."

"Ni yangu. Mimi ndiye niliyempa."

"Bosi atakufukuza."

"Anifukuze."

Misumeno ikanyamaza. Mtafiti aliutazama mstari mwekundu kwenye shina, akaelewa, akajisikia vibaya mno.

"Mimi ndiye niliyepaka," alisema.

"Na mimi nilishika kopo, nikawa namtazama mpakaji badala ya mti."

"Nimekuita mwizi kwa mkuu wangu."

"Basi niite mchumba kwa mama yako, tuwe tumelipana."

Mtafiti alitaka kumpiga, akajikuta anacheka na machozi yanamtoka. Akapangusa mikono, akabonyeza namba.

"Mama? Sijaumia, mama. Kuna mtu anataka kukusalimia."

Mpima, aliyezishinda kelele za misumeno yote ile, sasa alinong'ona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona mwanangu analia? Umemfanya nini?"

"Nimemharibia kazi, mama. Kosa ni langu."

Mtafiti akamnyang'anya simu.

"Ni letu, mama," alisema. "Letu wote wawili."