Maneno Matamu Kwenye Oda za Mikate

Hapana, mjukuu wangu, hawakukutana kwenye simu, nani kakwambia? Walikutana kwenye kaunta ya mikate, asubuhi, watu wamejaa kama siafu. Dada yako kavaa lile gauni lake la bluu la mikono mifupi, kompyuta kaikumbatia kama mtoto mchanga, anamtafuta meneja. Huyu shemeji yako naye akatokea jikoni, kajaa unga, na trei ya mikate ya moto, hatazami mbele. Wakagongana. Gauni la bluu likawa jeupe kwa unga.

"Samahani, dada. Nikupanguse?"

"Pangusa mikate yako," dada yako akamwambia. "Hapa nitajipangusa mwenyewe."

Lakini alicheka, na mimi namjua yule, akiudhika hacheki. Kijana nyusi zake zilikuwa nyeupe kama zangu, labda ndiyo maana akampenda. Dada yako akambandika jina, Unga. Yeye akamwita Fundi, maana alikuwa kaja kuwatengenezea mfumo wa oda.

Sasa huo mfumo, ngoja nikueleze nilivyoelewa, mimi shule niliichungulia dirishani tu. Kampuni ina maduka mengi na jiko moja. Kila duka linatuma oda kwa simu, oda zinakaa kwenye kompyuta kubwa, Unga anazisoma jikoni, anaoka. Pale zinapopitia wenyewe wanapaita API. Mimi naona ni kama dirisha: simu inauliza, dirisha linajibu. Na kila oda ina nafasi ya maelezo. Mtu anaandika, "Isiungue kama ya jana." Unga, akishajibu kwamba mikate iko tayari, anachomekea na yake: "Fundi, umekunywa chai? Leo nimeota meno yako." Fundi anasoma ofisini, anajibu, "Meno yangu yanataka mkate, siyo ndoto."

Simu wanazo, na walipigiana, mimi nawasikia niko sebuleni. "Kata wewe kwanza." "Sikati, kata wewe." Salio linaisha wanagombania kukata. Lakini maneno ya kuibiaibia kazini, mjukuu wangu, yana utamu wake.

Balaa ni kwamba lile dirisha halikuwa na mlinzi. Meneja alimharakisha dada yako, mikate haingoji, naye akasema mlinzi nitamweka baadaye. Aliyejua anwani ya dirisha akiuliza anajibiwa, awe mwokaji, awe mpita njia. Keshia mmoja wa duka la mbali akaigundua, akafungua, akasoma yote mpaka ya chai. Unga alipopeleka mikate kule, makeshia wakampokea, "Unga, leo umeota meno ya nani?"

Kijana aliiva kuliko mikate aliyobeba. Akapiga simu hapohapo.

"Umewaonyesha?"

"Nimemwonyesha nani nini?"

"Maneno yangu. Yanasomwa kaunta kama taarifa ya habari. Tuliyajua wawili, Fundi. Mimi sikusema. Kabaki nani?"

"Unga, nisikilize basi."

"Nimekusikiliza sana. Kumbe mimi ni kichekesho chenu cha ofisini."

Akakata. Safari hiyo hakuna aliyembembeleza mwenzake atangulie kukata.

Dada yako akaja kwangu, macho kama ya mtu aliyemenya vitunguu. Tangu mdogo ananiita mume wake. "Mume wangu," akasema, "nimeachwa huko."

"Kwa kosa gani?"

"La kuacha mlango wazi. Nimemwandikia, hajibu. Kamwambia meneja anaacha kazi, anahamia jiko la mji mwingine."

"Basi ufunge mlango."

"Nikifunga atasema nimemfungia yeye."

"Ufunge mbele yake."

Akanitazama, akafuta pua, akarudi kwenye kompyuta. Hapo ndipo nilipoijua hiyo tokeni unayoniuliza. Mtu anaingia mara moja kwa jina lake na neno lake la siri. Mfumo ukimtambua unampa tokeni, kijineno kirefu kisichosomeka, kimepigwa muhuri usioghushika. Simu yake inakishika, na kila ikiuliza dirishani inakionyesha. Huna, hujibiwi. Unacho, unaonyeshwa yanayokuhusu tu, ya duka lingine huyaoni. Na kina muda wake; ukiisha, unaingia upya upewe kingine. Meneja akawatangazia wote waandikishe majina, mlinzi anaanza Jumapili.

Jumapili hiyo bibi yako akamwita Unga aje ale chakula cha kuagana. Akaja, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, mkate kwapani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Dada yako naye kasimama upande wa pili wa meza, kompyuta iko wazi katikati ya sahani.

"Chakula kinapoa," bibi yako akasema.

"Kidogo tu, bibi. Babu, nipe simu yako." Dada yako akaandika anwani ya dirisha kwenye hii simu yangu yenye ufa, akampa Unga. "Soma."

Akasoma. Leo nimeota meno yako. Akanikazia macho.

"Babu kayapataje?"

"Hata hajui kayapata," dada yako akasema. "Simu imeuliza, ikajibiwa. Haikuulizwa wewe nani. Ndivyo alivyofanya yule keshia. Sikumwonyesha mtu, Unga. Niliacha wazi, hilo ni langu, na nimekuaibisha. Lakini sikukuuza." Akabonyeza kwenye kompyuta. "Sasa uliza tena."

Simu ikaandika: Hujatambuliwa. Tafadhali ingia.

Unga akaishika, kidole kinaupapasa ule ufa. Halafu taratibu, "Na mimi sitambuliwi?"

"Tumia simu yako. Ingia." Akamgeuzia mgongo. "Neno lako la siri hata mimi siruhusiwi kuliona."

Akaandika. Ikafunguka.

"Hii tokeni inadumu mpaka lini?"

"Mpaka kesho. Kesho unaingia tena."

"Na kesho kutwa?"

"Tena."

"Hivyo hivyo mpaka lini?"

"Mpaka utakapochoka, Unga."

"Mtu anayekanda unga kila siku atachoka kuandika jina lake?" Akanigeukia mimi. "Babu, nasikia huyu ni mke wako."

"Ndiyo. Na mkali."

"Naomba nikunyang'anye."

"Muulize mwenyewe, mimi ni mume wa jina."

Dada yako kakunja mikono, lakini mdomo unamsaliti. "Kwanza mpigie meneja."

Akapiga, palepale. "Meneja, samahani kwa Jumapili. Siendi popote. Ndiyo, hata kesho nipo kazini." Akaweka simu mezani. "Haya, Fundi?"

"Ndiyo," dada yako akasema. "Ndiyo, Unga wangu."

"Mimi nimezeeka nimesimama na huu mwiko," bibi yako akasema. "Ondoeni hiyo mashine mezani."

Dada yako akaifunga. Unga akamvutia bibi yako kiti, akamvutia na mwenzake, mimi nikajivutia mwenyewe. Tukanawa, tukakaa, tukala.