Siku ya Maji, Mtandao Hukatika

Asubuhi ya Alhamisi, kabla ya kwenda zahanati, Sijaona alichota ndoo mbili za maji kutoka kwenye pipa la sebuleni. Ndoo moja ilikuwa ya kupikia. Ya pili ilikuwa ya kuogea watu watatu, kwani mwanawe Nurdini alikuwa shule ya bweni. Ulikuwa mwezi wa kumi. Kisima chao cha maji ya mvua kilikuwa kimebaki tope, kama visima vingi vya pale Newala.

"Chota taratibu, Mama Nurdini," alisema mama mkwe wake, Bi Kibibi, akiwa mkekani. "Abdulkadiri kaleta maji jana. Harudi tena mpaka Jumamosi."

Sijaona aliposikia neno Jumamosi, aliinua ndoo kwa pupa. Maji kidogo yalimwagika miguuni.

Jumamosi ilikuwa siku ya mtihani.

Sijaona alikuwa muuguzi mwenye cheti. Kwa miaka miwili alikuwa akisomea stashahada kwa njia ya mtandao. Mtihani wa mwisho ulifanyika nyumbani, kwenye kompyuta mpakato, ambayo pale nyumbani waliiita laptopu. Kamera yake ilimtazama mtahiniwa muda wote. Mtahiniwa hakuruhusiwa kuinuka wala kuzungumza na mtu. Mtandao ukikatika zaidi ya dakika tatu, mtihani ulijifunga wenyewe.

Wiki tatu zilizopita mtihani ulijifunga akiwa swali la kumi na nane. Chuo kilimpa nafasi moja tu ya kurudia. Akishindwa safari hii, jina lake lingefutwa chuoni.

Jioni ya siku hiyo Sijaona aliketi chumbani kufanya jaribio. Alijibu swali la kwanza. Alijibu la pili. Alama ya mtandao kwenye kona ya kioo ilipungua, kisha ikatoweka. Alisubiri. Ikarudi. Alipoanza kupumua vizuri, ikatoweka tena.

"Baba Nurdini!" aliita.

Mujibu, mume wake, alikuja na simu mkononi. Alikuwa fundi cherehani, na futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni.

"Mbona simu yangu inashika vizuri kule sebuleni?" alisema. "Ugonjwa uko kwenye laptopu. Nimempigia Hamudi, yule fundi simu wa kule Masasi. Anasema ifutwe kila kitu, ianze upya."

"Ifutwe? Na maandishi yangu ya miaka miwili?"

Sijaona aliufunika mdomo kwa kitenge ili asilie.

Bi Kibibi aliingia polepole. Akachungulia dirishani, kisha akashusha sauti.

"Hakuna laptopu mbovu hapa. Kuna mtu. Sitaki kumtaja."

"Mama, tafadhali," alisema Mujibu.

Sijaona alikuwa muuguzi, na maneno kama hayo aliyazoea wodini. Lakini siku hiyo yalimwingia.

Mwishowe aliamua kumwita jirani yao Faudhia. Faudhia alikuwa mtunza kompyuta wa shule moja ya sekondari. Alifika akiwa na daftari na kalamu tu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja bila vyuma vyako?"

"Kwanza nauliza, Bibi. Vyuma baadaye." Akamgeukia Sijaona. "Mama Nurdini, mgonjwa wa homa akija kwako, unaanza na sindano?"

"Hapana. Namuuliza imeanza lini, na inapanda saa ngapi."

"Basi. Hii imeanza lini?"

"Mwezi mmoja sasa. Siku nyingine inashika, siku nyingine haishiki kabisa."

"Mwezi mmoja uliopita, ni kitu gani kilibadilika humu ndani?"

Sijaona na Mujibu walitazamana. Hawakukumbuka kitu. Ndipo Bi Kibibi alipokohoa.

"Mimi nitasema, mkinicheka shauri yenu. Ni Abdulkadiri, yule wa maji. Anakuja Jumatano, mtandao unakufa. Anakuja Jumamosi, unakufa. Maji yakikaribia kwisha, unafufuka. Nimehesabu wiki nne. Mtu yule namwogopa."

Mujibu aliguna. Lakini Faudhia hakucheka. Aliandika: Jumatano, Jumamosi.

"Bibi ameona jambo la kweli," alisema. "Kisanduku chenu cha intaneti kiko wapi?"

Kilikuwa sebuleni, juu ya kigoda, kando ya televisheni. Kilikuwa kisanduku cheupe chenye laini ya simu ndani yake. Watu wengi hukiita ruta. Kazi yake ni kupokea intaneti kutoka mnarani na kuisambaza nyumbani bila waya. Bi Kibibi alikuwa amekifunika kwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano. Mbele ya kisanduku hicho, kwenye ukuta wa chumba cha kulala, yalisimama mapipa matatu ya bluu yaliyojaa maji.

"Mapipa haya yalikuwa humu siku zote?"

"Yalikuwa barazani," alijibu Mujibu. "Mbuzi wa jirani walikuwa wanakunywa, nikayaingiza." Akahesabu kwa vidole. "Mwezi mmoja sasa."

Faudhia aliomba simu ya Mujibu, iliyokuwa ikitumia mtandao wa ruta hiyohiyo. Sebuleni ilionyesha alama nne. Akaenda nayo chumbani, akaiweka mezani kwa Sijaona. Alama zikashuka mpaka moja, kisha simu nayo ikapoteza mtandao.

"Loo!" alisema Mujibu. "Hata yangu!"

"Simu yako haijawahi kukaa chumba hiki. Ndiyo maana ilionekana nzima." Faudhia alionyesha ukuta kwa kalamu. "Mtandao huu husafiri hewani kwa mawimbi. Mlango wa mbao yanaupita. Ukuta wa tofali yanaupita kwa shida. Lakini maji mengi huyanyonya. Pipa likijaa, linakuwa ukuta wa maji. Likipungua, mawimbi yanapata nafasi ya kupita."

Bi Kibibi alishika kifua. "Kwa hiyo ni maji? Siyo mtu?"

"Ni maji, Bibi. Abdulkadiri analeta maji tu."

Walichota maji kwa ndoo mpaka mapipa yakawa mepesi, wakayahamishia jikoni, kisha wakayajaza tena. Faudhia aliipandisha ruta juu ya kabati la vyombo na kuondoa kitambaa.

"Kitambaa changu nacho kina kosa?"

"Bibi, mashine hii hupata joto. Umeivalisha sweta mwezi wa kumi."

Wote walicheka, hata Sijaona. Laptopu chumbani ilionyesha alama nne. Walikaa wakizungumza. Baada ya dakika kumi hivi, kioo kilizimika chenyewe. Sijaona alipokiwasha, mtandao haukuwepo.

Hofu ilimrudia yote. "Umeona, Faudhia? Umeona?"

"Nimeona, na nimefurahi. Kosa la kwanza limeondoka, sasa la pili linajionyesha. Tungebadilisha mambo yote kwa pamoja, tusingejua lipi ni lipi."

Akamwonyesha hatua kwa hatua. Laptopu ilikuwa imepangwa kubana matumizi ya betri. Ikikaa bila kuguswa, ilizima kifaa chake cha kupokea mtandao, na wakati mwingine haikukiwasha tena. Sijaona mwenyewe alifungua mipangilio, akaondoa tiki kwenye ruhusa ya kukizima kifaa hicho, akazima laptopu na kuiwasha upya. Waliiacha robo saa bila kuigusa. Mtandao haukukatika. Maandishi yake yote yalikuwepo.

Jumamosi saa tatu asubuhi Sijaona alianza mtihani. Mujibu alikuwa kazini. Bi Kibibi alikuwa uani akipepeta mchele. Maswali yalikwenda vizuri.

Akiwa swali la thelathini na moja, alisikia guta la maji, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, likisimama nje. Kisha akasikia nyayo nzito sebuleni.

"Hodi! Bibi, mapipa yamekwenda wapi?" Ilikuwa sauti ya Abdulkadiri. Hakuna aliyemjibu. "Haya, nayapanga madumu hapahapa, juu ya benchi."

Benchi lilikuwa kwenye ukuta wa chumba cha Sijaona.

Dumu la kwanza liligonga benchi. La pili. La tatu juu ya la kwanza. Sijaona alitazama kona ya kioo. Alama nne zilikuwa zimebaki tatu. Kamera ilimtazama. Akiinuka, amekosa. Akipaza sauti, amekosa. Dumu jingine liligonga. Alama mbili. Jingine tena. Moja.

Kisha alama ikatoweka.

Saa ya mtihani ilianza kuhesabu kurudi nyuma kutoka dakika tatu. Sijaona alishika ukingo wa meza. Mbili na nusu. Mbili. Moja na nusu. Ndipo aliposikia ndara zikiburuzwa kwa haraka kutoka uani.

"Abdulkadiri! Toa hayo madumu! Toa!"

"Bibi, ni mazito, ndiyo kwanza nimeyapandisha."

"Yashushe! Hapo ndipo inapopita kazi ya mkwe wangu. Peleka jikoni!"

"Kazi gani inapita ukutani?"

"Beba kwanza, nitakueleza baadaye. Lete moja huku, nami nina mikono!"

Madumu yaliburuzwa. Sekunde arobaini. Thelathini. Alama moja ilichomoza. Mbili. Swali la thelathini na moja likarudi kwenye kioo, na saa ya hatari ikafutika.

Saa tano na nusu kioo kiliandika: Mtihani wako umepokelewa. Sijaona aliinuka, akaenda sebuleni.

Abdulkadiri alikuwa ameketi kwenye benchi lile tupu. Bi Kibibi, ambaye kwa mwezi mzima hakutaka hata kumtazama usoni, alikuwa akimmiminia chai.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia. "Nilikudhania vibaya."

Matokeo yalitoka mvua za kwanza zilipokwisha kujaza kisima. Sijaona alifaulu. Mapipa yalirudi barazani, safari hii yakiwa na vifuniko. Ruta ilibaki juu ya kabati, bila kitambaa, na Bi Kibibi hakuruhusu mtu kuweka hata sufuria karibu nayo.