Ndama wa Nyasi

Alfajiri hiyo Verdiana alipochuchumaa kumkamua Nyota, aliona mdomo wa ndama umelowa maziwa.

Ni jambo dogo. Ila ndama mwenyewe alikuwa amekufa tangu mwezi uliopita. Aliyesimama pale zizini, miguu yake vijiti vinne, macho yake matobo mawili yaliyofungwa kwa ukambaa, alikuwa ngozi tupu iliyojazwa nyasi.

Manyanda, jirani yao Msukuma, ndiye aliyewafundisha. Ng'ombe akifiwa na ndama huzuia maziwa. Basi unamchuna yule mfu, unamjaza nyasi, unamshona, unampaka chumvi mgongoni, kisha unamsimamisha mbele ya mama yake. Mama anaramba, anasahau, maziwa yanashuka. Hilo "anasahau" lilikuwa neno la Makarius, mume wa Verdiana, ambaye hajawahi kukamua hata siku moja. Verdiana ndiye aliyeshika zile chuchu kila siku, akausikia mwili wa ng'ombe ukitetemeka kabla ya kukubali, na hakuona pale mtu aliyesahau kitu.

"Mama, yule ndama ana maziwa mdomoni," alimwambia mama mkwe wake, Bibi Dorotea, aliyekuwa akipuliza moto jikoni.

"Umande huo."

"Umande mweupe, mama?"

"Verdiana, mtoto anasubiri uji. Lete maziwa, maneno utayaleta baadaye."

Mtoto ni Cecilia, wa miaka mitatu, aliyebaki. Mdogo wake alifariki mwezi wa tatu, siku kumi na tisa tu tangu azaliwe, wiki ileile ya mwaka sabini na tano walipoambiwa wabomoe makazi yao ng'ambo ya mto wahamie kijiji kipya cha Kasokola. Wanawake watatu walimzika nyuma ya migomba, bila padri, bila wimbo. Mtoto ambaye hajaota meno hawekewi matanga, ndivyo walivyosema, na mama yake asilie, maana akilia atafunga kizazi. Hata jina hawakulitaja. Verdiana alibanwa kifua kwa kanga ili maziwa yakauke, akatwishwa kinu, akaambiwa haya, twende.

Mwezi uliofuata ndama wa Nyota, aliyeumwa na inzi wa ndorobo wakati wa kuhama, naye akafa. Nyota alilia siku tatu. Hakugusa majani. Mara mbili alikata kamba, wakamkuta amesimama mtoni akitazama ng'ambo, kule mahameni ndama wake alikozaliwa.

"Anamlilia mtoto wake," Verdiana alisema siku ile.

Makarius alicheka. "Ng'ombe hana huzuni, ana kiwele. Kimejaa, kinamuuma. Ndicho unachokiita kilio."

"Na mimi nilipouma shuka usiku kucha? Nako kulikuwa kuumwa matiti tu?"

"Usijifananishe na mnyama, mama Cecilia."

"Nyie ndio mmetufananisha! Sisi wote wawili mmetwambia tunyamaze, na hoja mliyotupa ni moja."

Makarius alichukua jembe akaenda shamba la kijiji. Mtu aliyeshindwa hoja hukumbuka kazi ghafla.

Baada ya asubuhi ile ya mdomo uliolowa, mambo hayakurudi yalivyokuwa. Nyota aliacha kumramba ndama. Akiletewa, alirudi nyuma mpaka matako yakagonga boriti za zizi, masikio yameganda, mkojo unamtoka. Maziwa yalipungua kutoka kibuyu kizima hadi nusu, kisha robo. Na ndama alikuwa mzito. Mwanzoni Verdiana alimbeba kwa mkono mmoja kama kapu. Sasa ilimbidi amkumbatie kwa mikono yote miwili, na alipomkumbatia, kichwa cha nyasi kililala begani pake chenyewe, taratibu, kama kichwa cha mtu mwenye usingizi.

Na ile harufu. Si ya ngozi wala ya nyasi kuukuu. Ilikuwa ya maziwa yaliyochacha na mafuta ya nyonyo, yale aliyompaka mwanawe utosini kwa siku kumi na tisa. Verdiana alimtua ndama chini akajishika kifua. Blauzi ilikuwa imelowa. Miezi miwili tangu maziwa yake yakauke, nayo yanamtiririka hadi tumboni.

Alimwambia Makarius. Makarius akasema ni joto. Alimwambia Bibi Dorotea, naye akasema ni mawazo, akatazama pembeni upesi mno.

Cecilia alikuwa akinywa maziwa yale yale machache na kukonda. Mbavu zilianza kuhesabika. Jioni moja, jua bado lipo, Verdiana alimkuta amekaa zizini mkabala na ndama, amemwekea kikombe chake mdomoni.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nampa mdogo wangu, mama. Ananiambia lete."

"Nani kakwambia huyo ni mdogo wako?"

"Yeye." Cecilia alisema bila kugeuka. "Anasema wewe hukumlilia."

Verdiana alimnyakua mtoto akakimbia naye, na katika kukimbia huko, ambako hakukuwa hata hatua ishirini lakini kulikuwa kama kuivuka mbuga nzima ya Katavi mchana wa kiangazi, alisikia nyuma yake, wazi kabisa, jua likimpiga usoni na majirani wakitwanga mahindi yao kama kawaida, sauti ya midomo midogo ikinyonya hewa, ikinyonya, ikiacha, ikivuta pumzi puani, ikinyonya tena.

Kesho yake Cecilia hakuweza kusimama.

Ndipo Makarius akamwita Manyanda. Msukuma aliingia zizini akitania kwamba Wapimbwe kama wao na ng'ombe wapi na wapi, akamwinua ndama kwa mguu, utani ukakatika. Alimrudisha chini polepole.

"Shemeji," alimwuliza Verdiana kwa sauti ya chini, "huyu mmemjaza nini?"

"Si nyasi ulizokata wewe?"

"Zangu hazina uzito wa mtu. Na ushonaji huu si wangu."

Wote walimtazama Bibi Dorotea. Mikono yake ilicheza na ncha ya kanga.

"Mvua ilimlowesha, akaoza tumbo," alisema. "Nyasi kavu hakuna, kila mahali maji. Nikachukua za kile kigodoro."

"Kigodoro gani?" Verdiana aliuliza, ingawa pua yake ilishajua.

"Cha mtoto. Alichofia. Kingechomwa siku ya kuanua matanga, sasa matanga hayakuwepo, kingechomwa lini? Nikasema kisipotee bure."

Miguuni pao, kitu kilicheua.

Makarius alipanda baiskeli hadi Katumba, kwa wakimbizi, akarudi na Severine, mwanamke Mrundi mwembamba aliyejulikana kwa kutoa majini. Hakuja na ngoma wala hakuomba kuku. Alimtazama Cecilia, akamtazama ndama, akaonekana mtu aliyechoshwa na upumbavu ule ule kila nyumba.

"Nani alilia hapa?" aliuliza.

Hakungoja jibu.

"Huyu si mwanao, mama," alimwambia Verdiana. "Usidanganyike hata akikuita. Ni jini. Huwa anazunguka akitafuta pa kukaa, nanyi mmemshonea nyumba. Ngozi ya aliyekufa asililiwe, ndani yake kitanda cha aliyekufa asililiwe. Na akina mama wawili wanamnyonyesha. Akiwamaliza hao atamhitaji mtu wa kulala naye." Alielekeza kidevu kwa Cecilia. "Wekeni matanga leo. Ya wote wawili. Huyu mama alie, na ng'ombe naye aletwe motoni, aone, alie. Kisha aachwe aende anakotaka, asirudishwe."

"Matanga ya ng'ombe!" Bibi Dorotea alishika kichwa. "Tutachekwa kijiji kizima!"

"Balozi wa nyumba kumi atatuita mkutanoni," Makarius alinong'ona. "Mama alie, sawa. Lakini ng'ombe? Ng'ombe anajua nini?"

"Anajua kuliko wewe!" Verdiana alipiga kelele. "Aliona kabla yetu! Alikuwa anatetemeka mbele ya macho yako, nawe unasema kiwele! Ungemwamini huyo mnyama, mwanao angekuwa amesimama!"

Makarius alifanya alichofanya siku zote, akagawa haki nusu. Walimburuta ndama uani wakamtia moto. Nyota walimfunga kwa Manyanda, mbali, mdomo umefungwa kamba asisikike.

Ngozi haikushika moto upesi. Ilijikunja, ikavuta miguu tumboni kama mtoto anayebanwa na chango, na kutoka ndani ikaja sauti nyembamba, ya siku kumi na tisa hasa, na Verdiana alianguka magotini akalia, akalia ya mwezi wa tatu na ya wa nne na ya wa tano, akalitaja jina ambalo hakuna aliyewahi kulitaja mbele yake, "Apolinari! Apolinari wangu!", mpaka wanawake waliokuja kuchungulia wakavua viatu wakaketi chini naye, na hata Bibi Dorotea akafunika uso. Moto ulipozimika, Cecilia aliomba ugali.

Severine alipokea maji ya kunywa, akakataa kulala hapo. "Na yule mama mwingine?" aliuliza mlangoni.

"Kesho," Makarius alisema.

Alfajiri Verdiana alienda kwa Manyanda. Nyota alikuwa amesimama, miguu ya nyuma ameitanua, kiwele kinatikisika. Chini yake hapakuwa na kitu. Chuchu moja ilikuwa imevutwa, ndefu, inang'aa kwa mate, na sauti ile ilikuwepo. Ng'ombe aligeuza shingo akainusa hewa, mara moja, kwa kuchoka. Machozi yalikuwa yamechora mistari miwili myeusi usoni mwake.

Verdiana hakumwuliza mtu. Alifungua kamba ya mdomo, akafungua ya shingo. Nyota alilia mlio mmoja mrefu, kijiji kikaamka, kisha akashika njia ya mtoni. Katika vumbi, kando ya kwato zake, zilifuata alama za kwato ndogo. Verdiana alikaa kizingitini pake akapumua kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Saa sita mchana Makarius alirudi. Suruali imelowa hadi mapajani, uso umejaa furaha ya mtu aliyetengeneza mambo. Mkononi ana kamba, na mwisho wa kamba yupo Nyota, kichwa chini.

"Nimemkuta mahameni, kasimama tu nyuma ya migomba kama mjinga," alisema. "Ungetupotezea ng'ombe, mama Cecilia. Mtoto angekunywa nini?"

Verdiana hakumtazama. Alitazama vumbi la uani. Kwato kubwa za Nyota. Viatu vya Makarius. Na nyuma yao, kuanzia njiani hadi kizingitini, alama za viganja viwili vidogo na magoti mawili, za kitu kilichochoka kutembea kwa kwato.

Ndani, Cecilia alisogea kwenye mkeka wake, akaacha nafasi.